Siku ya kwanza ya njaa inaanzaje? Naandika hadithi ya Mtunya, nimekwama

Mama Fotokopi (Majengo, Dodoma)

Mbukwenyi wote, na wasio Wagogo habari za jioni.

Nina kibanda cha kutoa fotokopi na kuchapa barua hapa Majengo. Mchana nachapa CV za vijana wa chuo na mikataba ya viwanja, jioni nikishafunga nabaki na kompyuta, umeme ukiwepo, naandika mambo yangu. Huu ni mwaka wa pili naandika hadithi ndefu ya wakati wa Mtunya, ile njaa iliyokuja Mjerumani alipokuwa ameshakimbia. Nina kurasa 61. Sijasomea uandishi, nimesomea uhazili.

Mhusika wangu ni binti mdogo, nimempa jina Nyemo. Mambo yanamharibikia mpaka anaachwa kwa watu baki ili nyumbani wapate chakula. Nilimpa shangazi yangu asome mwanzo. Mwanzo wenyewe ulikuwa hivi:

"Jua lilikuwa kali. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mama Nyemo alitazama chungu kitupu, machozi yakamlenga, akajifuta kwa upindo wa kitenge chake."

Shangazi alicheka mpaka akaweka karatasi chini. Akaniuliza, "Lini jua la Dodoma halikuwa kali? Hapa ardhi inapasuka kila Oktoba, mbona hatufi?" Halafu akasema mtoto wangu ana njaa ya kwenye redio. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki.

Sasa wakubwa nisaidieni. Mtu wa kawaida, mwenye shamba lake na watoto wake, anajuaje kwamba hiki siyo kiangazi cha kila mwaka, hii ni njaa? Naomba mniambie ile siku ya kwanza. Siku watu wanapokufa nimeshaiandika, na najua imezidi machozi. Pili, walikula nini hasa? Tatu, nimeandika Nyemo aliachwa kwa debe moja la mahindi, kuna ukweli hapo?

Natanguliza shukrani.

---

Ticha Mstaafu (Kongwa)

Dada, hongera kwa kurasa 61. Nimefundisha historia miaka mingi na sijaandika hata sita.

Nianze na kasoro ndogo ndogo, usizichukie. Kitenge kitoe. Mwaka 1918 huku ndani mwanamke alivaa kaniki au merikani kama mumewe aliwahi kuuza mbuzi, la sivyo alivaa ngozi. Mahindi nayo yatoe. Chakula cha Ugogo kilikuwa uwele na mtama, na sembe nyeupe ilizoeleka baadaye sana. Kama mahali popote umeandika "Tanganyika", futa, jina hilo Waingereza walilitangaza mwaka 1920. Na kama umempeleka mtu kuvua samaki bwawa la Hombolo, mtoe majini haraka, bwawa lile ni la miaka ya 1950.

Sasa shangazi yako. Yule mama ni mwanahistoria kuliko mimi. Wagogo walijua kuishi na ukame. Mvua zenyewe ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi zinadanganya. Kwa hiyo walikuwa na akiba mbili. Ya kwanza ghalani. Ya pili ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Ng'ombe kwa Mgogo ni benki: shamba likigoma, unaswaga ng'ombe mpaka kwa watu wenye nafaka, Usagara, Uhehe au Unyamwezi, unarudi na mizigo ya mtama. Mwaka unapita.

Vita vya 1914 vilivunja benki hiyo. Jeshi la Mjerumani lilichukua ng'ombe na nafaka kulisha askari wake. Julai 1916 Waingereza na wenzao wa Afrika Kusini wakashuka kutoka Kondoa wakaingia Dodoma, na jeshi lile nalo lilikuwa na tumbo. Wakachukua ng'ombe waliobaki, na wakachukua wanaume kubeba mizigo. Neno Kariakoo tunalolitaja kila siku limetoka hapo, kwenye jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wengi walikwenda wakafia njiani kwa kuhara na malaria wala hawakuona vita. Mvua zilipokatika, nyumba nyingi hazikuwa na ng'ombe wa kubadilisha wala mwanaume wa kuwaswaga. Kana kwamba haitoshi, mwishoni mwa 1918 ikaingia ile homa kubwa ya mafua, ikafuata reli kama abiria. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Ugogo ilipoteza watu 30,000 hivi kati ya 150,000.

Jina lenyewe, Mtunya, wazee huliweka kwenye maana ya kugombania, kunyang'anyana. Angalia: jua halimo kwenye hilo jina.

Kwa hiyo mimi ningeanza hadithi yako na jeshi linapita.

---

dogo_wa_Nkuhungu

Shikamooni wakubwa. Swali la kijinga: si wangewachinja tu hao ng'ombe wakala kabla askari hawajafika?

---

Ticha Mstaafu (Kongwa)

Marahaba. Siyo la kijinga. Ng'ombe ukimchinja unakula wiki, tena na majirani, maana huwezi kuchinja kimya kimya. Ukimbadilisha kwa nafaka nyumba inakula miezi. Halafu nani alijua askari watafika lini? Mtu havunji benki kwa tetesi.

Nyongeza kwako: hilo neno "hela" unaloandika kila siku ni sarafu ya Mjerumani, heller, 100 zilikuwa rupia moja.

---

dogo_wa_Nkuhungu

Kumbe hela ni Mjerumani. Ndiyo maana hazikai.

---

Mzee wa Reli

Mama Fotokopi, mbukwa. Huwa nasoma tu hapa, siandiki, vidole vyangu ni vinene kwa simu hizi. Mjukuu amekaa pembeni, mimi nasema yeye anaandika, akikosea ni yeye.

Ticha amesema kweli, ila usianze na jeshi. Jeshi waachie wanaume. Wewe umeuliza siku ya kwanza nyumbani, na hiyo niliambiwa na bibi yangu mzaa baba, ambaye Mtunya ulimkuta na miaka minane au tisa, kule upande wa Hombolo kabla ya bwawa.

Alisema njaa ilianza kwa masikio. Zamani hakukuwa na mashine ya kusaga. Kila tembe lilikuwa na jiwe lake, na alfajiri kabla ya jogoo wa pili wanawake wanapiga magoti wanasaga uwele. Kijiji kizima kinanguruma taratibu. Kila mwanamke ana mkono wake, mmoja anavuta haraka haraka, mwingine anapumzika katikati. Mtoto alimtambua mama yake kwa mlio wa jiwe akiwa bado amefumba macho.

Basi mwaka ule mawe yalihama. Alfajiri kimya. Halafu ukiamka usiku wa manane kwenda haja, unasikia jiwe moja, mbali, linasagwa polepole kwa kusitasita, kama mtu anayeiba. Unajua kwetu mtu akikukuta unakula humfichi chakula, ananawa anakaa. Sasa mtu akisaga usiku maana yake ana kitu, na hataki anayenawa amkute. Bibi alisema mama yake alisikiliza lile jiwe la jirani siku tatu, siku ya nne naye akasaga usiku. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Chungu hakikuwa kitupu, mwanangu. Chungu kilikuwa na ugali, ila mlango ulifungwa.

Kuhusu kula. Ubuyu uliisha mapema kwa sababu hata watoto wanaweza kuuokota. Wakabaki na mbegu zake, wanakaanga, wanatwanga. Majani ya mbuyu ni mboga nzuri lakini kiangazi mbuyu hauna jani. Mlenda mkavu ulikuwepo, ila mlenda bila ugali ni utelezi tu, unapita.

Halafu ngozi. Hii iandike vizuri, maana watu huiandika neno moja, "walikula ngozi", wanaendelea na safari. Ni ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Unaibabua manyoya motoni, nyumba nzima inanuka. Unaikwangua kwa kisu. Unailoweka mpaka kesho yake, kisha unaichemsha kutwa na majivu kidogo ilainike. Hailainiki. Unaikata vipande kama ukucha, unameza. Mchuzi wake wanapewa wadogo. Bibi alisema ladha siyo tatizo, tatizo ni kwamba usiku huna pa kulala. Wakiwa wamemaliza ngozi walilala kwenye udongo, na udongo wa Julai hapa kwetu una baridi, wewe unaujua.

Kuhusu debe. Yeye mwenyewe ndiye aliyewekwa rehani.

Baba yake alikuwa amechukuliwa upagazi mwaka ule Waingereza walipoingia, hakurudi na hakuletwa habari. Walibaki mama, yeye, na kaka yake mdogo aliyekuwa ananyonya. Mjomba wake alikuja akazungumza na mama nje, nyuma ya zizi ambalo halikuwa na kitu. Kesho yake alfajiri mjomba akamshika mkono wakaenda kaskazini, Makutupora, Haneti, mpaka milima ya Kondoa. Alikumbuka kulala njiani mara sita. Alikumbuka pia kwamba mjomba hakumwambia kitu chochote njia nzima, ila alimbeba mgongoni kila palipokuwa na mtu amelala kando ya njia, akimwambia afunge macho ahesabu. Alikwenda akihesabu.

Kule mjomba alipewa pishi nane za mtama, zikatiwa kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Siyo debe. Pishi nane, alizihesabu yeye mwenyewe zikimiminwa, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuhesabu.

Vidole vya mjukuu vimechoka. Nitarudi.

---

Ticha Mstaafu (Kongwa)

Mzee shikamoo. Nina swali la kiofisi kidogo, unisamehe. Kondoa nako vita vilipita 1916, tena mapigano makali. Hao wa kule walipata wapi mtama wa kutoa?

---

Mzee wa Reli

Marahaba. Mapigano yalikuwa mjini na barabarani. Mtu aliyemchukua alikuwa na mashamba juu mlimani ambako mvua inaanguka hata huku kwetu ikigoma. Sikusema Kondoa wote walikuwa wameshiba. Nimesema yule mmoja alikuwa na pishi nane za ziada.

---

Mama Fotokopi (Majengo, Dodoma)

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma nikiwa na mteja mbele yangu anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa, nikatoa kopi 14 badala ya 4. Nimemlipia mwenyewe.

Leo usiku nimefuta ukurasa wa kwanza wote. Jua nimelitoa, chungu nimekitoa, kitenge nimekitoa (ticha asante). Nimeanza hivi, niambieni:

"Nyemo aliamka akadhani amekuwa kiziwi. Alfajiri ilikuwa imefika, mwanga ulikuwa kwenye upenyo wa mlango, lakini jiwe la mama yake halikuwa likisema kitu, wala la mama mkubwa, wala la kule ng'ambo ya korongo. Alikohoa makusudi ili ajisikie."

Mzee, nina maswali ambayo naona aibu kuuliza hadharani, lakini nisipouliza nitatunga, na nimeshachoka kutunga. Bibi alirudi vipi? Na mama yake alikuwa hana kitu kabisa ndani, siyo? Maana nikiandika mama anamtoa mtoto nataka msomaji aelewe kwamba hakuwa na njia nyingine.

---

dogo_wa_Nkuhungu

Hiyo ya kukohoa kali sana dada. Mimi siyo msomaji ila hiyo ningefungua ukurasa wa pili.

---

Mzee wa Reli

Mwanzo mzuri. Shangazi mpelekee.

Alirudi baada ya masika matatu. Mjomba alikwenda na mbuzi jike mmoja kumkomboa. Mwenye nyumba alikubali bila maneno mengi, ila mke wake alilia, walikuwa wameshazoeana. Bibi alifika nyumbani amekisahau Kigogo nusu nzima. Mama yake anamsemesha, yeye anajibu Kirangi, lugha ya kule Kondoa. Kigogo kilirudi, lakini kuhesabu hakukurudi. Mpaka anakufa miaka ya tisini, akihesabu mbuzi au noti au siku, alihesabu Kirangi. Sisi wajukuu tulidhani ni mchezo.

Sasa swali lako la pili, na hapa mjukuu ameniuliza kama nina uhakika nataka liandikwe. Liandikwe.

Mama yake alikuwa na kitu ndani. Juu ya moto, darini, palikuwa na kibuyu cha mbegu ya uwele, kimechanganywa na majivu wadudu wasiingie, kimeshika masizi mpaka kikawa cheusi. Kilikuwepo siku zote. Kilikuwepo walipokula ngozi. Kilikuwepo asubuhi ile mjomba alipomshika mkono, bibi alikitazama akiwa anatoka. Mama yake alimtoa binti na mbegu akaziacha zikining'inia.

Usimwandikie msomaji kwamba hakuwa na njia nyingine. Alikuwa na njia mbili na zote umeziona. Wangekula kile kibuyu wangepata siku tano, labda sita, halafu mvua ije wapande nini? Mvua zilipokuja walipanda, na kaka yake mdogo akaishi, na huyo kaka ndiye aliyesaidia kulipa mahari baba yangu alipooa, ndiyo mimi nipo hapa nasumbua mjukuu. Hesabu ya mama ilikuwa sahihi. Bibi mwenyewe alisema hivyo, kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Alilisema bila furaha.

Habari hizi zote alinisimulia siku moja tu, mwaka 1975, tukiwa kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa njano. Mnakumbuka wenye umri wangu, mvua ziligoma, tulikuwa tumeshahamishiwa vijiji vya ujamaa, unga unatoka Marekani, watu wanaudharau na wanaugombania. Nilikuwa kijana, nikawa nalalamika kwa sauti, njaa hii, njaa hii. Bibi akanivuta shati. Akasema, "Njaa haina foleni. Hii ni foleni." Halafu ndiyo akaanza, mpaka tukafika dirishani.

---

Ticha Mstaafu (Kongwa)

Nimefundisha Mtunya kwa ng'ombe na majeshi miaka yote hiyo. Hicho kibuyu sikuwa nacho.

---

Mama Fotokopi (Majengo, Dodoma)

Mzee, nashindwa niandike nini. Ninaomba jambo moja tu la mwisho. Aliporudi waliishije na mama yake, nyumba moja, na kibuyu kile juu? Waligombana?

---

Mzee wa Reli

Hawakugombana. Mama yake niliwahi kumwona nikiwa mdogo sana, kikongwe, anakaa kivulini. Bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha, kwa adabu zote.

Ila kwetu jioni zilikuwa zinapikwa sufuria mbili. Moja ugali wa uwele, ya watu wote. Nyingine ndogo, ugali wa mtama, ya bibi peke yake. Hata akiwa mgeni kwenye harusi aliuliza kwanza, ni uwele huu? Wakisema ndiyo anasema ameshiba. Mama yangu alipoolewa pale aliambiwa siku ya kwanza jikoni, mama mkwe hali uwele, usimuulize.

Sisi watoto tulidhani ni tumbo.

---

Mama Fotokopi (Majengo, Dodoma)

Mzee, naomba ruhusa nizitumie hizo sufuria mbili.

---

Mzee wa Reli

Zitumie. Na hiyo ndogo iwe na mfuniko, yake ilikuwa na mfuniko.

Umeme umekatika huku, mjukuu simu yake ina asilimia nne.